Nyigu Anayetoboa Mayai ya Vunjajungu

Ukitazama vizuri kwenye vijiti vya mwembe, kwenye mbao za banda la kuku, au hata kwenye vyuma vya dirisha, hukosi kuona kitu kama kipande cha sifongo kilichokauka. Rangi yake ni ya chai iliyotiwa maziwa mengi, na ukubwa wake ni kama wa tende moja. Watoto hukitoboa kwa kijiti kuona kuna nini ndani. Anayefagia kuta hukiangusha pamoja na tandabui. Wapo wanaodhani ni ugonjwa wa mti, wakakata tawi zima wakalitia moto.

Hicho ni kifuko cha mayai ya vunjajungu. Na ukikikuta kimejaa vitundu vya mviringo ubavuni, vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano ya kushonea, basi ujue kuna mwingine aliyekifikia kabla yako. Makala haya ni juu ya huyo mwingine. Ni nyigu, tena mdogo kuliko sisimizi wengi, na jamaa zake wana kazi kubwa katika mashamba yetu ya mahindi na mihogo kuliko wengi wetu tunavyojua.

Tuanze na mwenye mayai. Jina vunjajungu lina kisa chake. Kamusi za zamani zimeandika imani ya Waswahili kwamba atakayemgusa mdudu huyu, chombo atakachokishika baada ya hapo kitamponyoka na kuvunjika. Jungu ni chungu kikubwa, na wakati huo chungu kilikuwa mali ya nyumba. Jina hilohilo ndilo la karamu ya siku za mwisho za Shaabani, kabla ya kuingia mfungo, ila hiyo ni habari ya walaji wa aina nyingine. Wazungu walimwona mdudu huyu amekunja mikono ya mbele wakadhani anasali. Watu wa Provence, kusini mwa Ufaransa, walimpa jina lenye maana ya mwomba Mungu. Sisi tulimtazama yuleyule tukaviwazia vyungu vyetu. Mimi naona imani yetu ilimfaa mdudu kuliko yao, kwa maana asiyeguswa hauawi.

Duniani kuna zaidi ya aina 2,400 za vunjajungu, wengi wao katika nchi za joto. Mmojawapo anayejulikana sana Afrika ni yule mkubwa wa kijani, mrefu kama kidole, ambaye wataalamu humweka katika jenasi iitwayo Sphodromantis. Ana kichwa cha pembetatu kinachogeuka huku na huku kama cha binadamu aliyesikia jina lake likitajwa, na mikono ya mbele yenye miiba inayofunga kama mtego. Hula nzi, panzi, nondo, viwavi na mende. Nyuki pia hula. Vunjajungu mwenzake hula vilevile, na jike kumla dume wakati wa kupandana ni jambo linalotokea kweli, ingawa si kila mara kama watu wanavyosimulia.

Wakati wa kutaga, jike hujishika kijitini, mara nyingi kichwa kikiwa chini. Kwenye ncha ya tumbo hutoa majimaji mazito, akayapiga kwa viungo vidogo vilivyoko hapo kama mpishi anavyopiga ute wa yai, mpaka yakafura kuwa povu. Ndani ya povu hilo hupanga mayai safu kwa safu, huku mwili ukisogea polepole. Ni kazi ya saa moja, mbili au zaidi. Povu likipata hewa hukauka na kuwa gumu, na hewa iliyonaswa ndani yake hukinga mayai na jua la mchana na mvua ya masika, kama kuta nene za nyumba za Mji wa Kale zinavyoweka ubaridi ndani. Kifuko kimoja, kutegemea aina ya vunjajungu, huwa na mayai kumi na kitu mpaka mia mbili na zaidi. Katikati, upande wa juu, mama huacha njia laini zaidi ambapo watoto watatokea siku zikitimia.

Akimaliza huondoka. Zipo aina chache za Afrika ambazo mama hukaa juu ya kifuko akikilinda mpaka watoto watoke, lakini hawa wakubwa wa kijani hawarudi kuangalia. Ulinzi wote wameuachia povu.

Sasa aje nyigu. Msomaji asimfikirie yule anayejenga kiota kwenye dari na kumvimbisha mtu jicho. Huyu ana urefu wa milimita mbili mpaka tano hivi, na hamdungi mtu. Mara nyingi hung'aa kijani au buluu kama bawa la nzi wa chooni, lakini mwembamba na nadhifu. Miguu yake ya nyuma ina mapaja manene yenye meno kwa chini, na hiyo ni alama nzuri ya kumtambulia ukiwa na lenzi. Alama kubwa zaidi iko kwa jike: nyuma ya mwili wake umetokeza mrija mwembamba kama unywele, ambao kwa aina nyingi unafikia urefu wa mwili wenyewe au kuupita. Mtu asiyejua huogopa akidhani ni mwiba wa sumu. Ni mrija wa kutagia.

Jenasi yao inaitwa Podagrion. Wataalamu wameshaeleza aina zipatazo mia moja, kutoka Afrika, Asia, Ulaya, Marekani na Australia, na kadiri inavyojulikana hawa wote hulelewa mahali pamoja tu: ndani ya mayai ya vunjajungu. Hawana njia nyingine ya maisha. Vunjajungu wakiisha mahali, nao wameisha.

Jike akikipata kifuko hutembea juu yake akikigonga kwa papasi zake, mbele na nyuma, kama mnunuzi wa tikiti maji anavyolipigapiga kwa vidole kabla ya kutoa pesa. Akiridhika na mahali, huinua tumbo juu, akaelekeza mrija chini, na kuanza kutoboa. Mrija umevikwa ala mbili, ambazo hujipinda pembeni wakati sindano yenyewe ikizama. Hutoboa povu lililokwisha kuwa gumu, kwa kitu chembamba kuliko uzi wa cherehani, bila kukivunja. Ncha ikifika kwenye yai la vunjajungu, hupitisha yai lake mwenyewe ndani ya mrija huo, likateremka mpaka humo. Kisha hujivuta, akasogea kidogo, akaanza tena.

Yai la nyigu likianguliwa hutoka buu jeupe. Buu hilo limezaliwa katikati ya chakula, na chakula chenyewe ni yai la mwenye nyumba. Hulila lote. Yai moja la vunjajungu hutosha buu moja. Likishiba hugeuka bundo, ile hali ya kutulia kabla ya kupata mbawa, na yote hayo yanapita humohumo kifukoni bila mtu wa nje kuona lolote. Mwishowe nyigu mzima hutafuna ukuta wa povu kwa meno yake, akatoboa kitundu cha mviringo na kutoka. Ndivyo vile vitundu vya ubavuni.

Lakini ni nadra nyigu kumaliza kifuko chote, na sababu yake ni ya urefu tu. Mayai yaliyo pembeni, karibu na ukuta, yanafikiwa na sindano. Yaliyo katikati kabisa yamezungukwa na povu nene na safu za mayai mengine, na sindano haifiki. Kwa hiyo kifuko kikubwa chenye povu nene huokoa watoto wengi kuliko kifuko chembamba. Mama anayepiga povu jingi zaidi anaacha kizazi, na nyigu mwenye mrija mrefu zaidi anaacha kizazi, na vita hivyo vimeendelea muda mrefu kiasi kwamba mmoja amekuwa fundi wa kuta na mwenziwe fundi wa keekee. Mara nyingi kifuko kimoja hutoa pande zote mbili: vunjajungu wadogo kutoka katikati, na nyigu kutoka pembeni.

Kuna wengine walioamua kutosubiri povu likauke. Kusini mwa Ulaya, katika nchi kama Ufaransa na Italia, yuko nyigu wa jenasi nyingine, Mantibaria, ambaye ni mdogo zaidi na hana sindano ndefu. Yeye ni mdandiaji. Jike humtafuta vunjajungu mzima, akapanda mwilini mwake na kujishika karibu na mashina ya mbawa. Akishakaa hapo, mbawa zake mwenyewe huzikata, kwa maana safari zake zote zilizobaki ni za kubebwa. Hukaa hivyo siku nyingi, akienda anakokwenda mwenyeji. Siku vunjajungu anapoanza kutaga, nyigu huteremka mpaka ncha ya tumbo lake, akaingia kwenye povu likiwa bado bichi na laini, akatia mayai yake ndani ya mayai ya mwenyeji, kisha akajirudisha kupanda kabla povu halijamganda. Mwenyeji akifa kabla ya kutaga, naye safari yake imeishia hapo.

Huyu wa pili ndiye ananistaajabisha zaidi. Wa kwanza ni hodari wa kutoboa ukuta. Wa pili ameingia na mwenye nyumba mlangoni.

Wasomaji wengi wakisikia habari hizi watasema hao ni kupe tu wa namna yake. Sivyo. Kupe hunyonya damu ya ng'ombe akashuka, na ng'ombe akabaki malishoni. Kupe akimwua ng'ombe amejiharibia mwenyewe. Nyigu hawa mtoto wao hawezi kukua ila yule aliyemlisha afe. Akiingia, mmoja tu atatoka. Ndiyo maana wataalamu hawawaweki pamoja na vimelea vya kawaida kama kupe na minyoo. Wako katikati ya kimelea na mwindaji: huishi ndani ya mwenyeji kama minyoo, na humaliza kazi kama simba.

Kujua kilichotokea kwenye kifuko hakuhitaji maabara. Ukiona nyuzi nyembamba nyeupe zinaning'inia kwenye ule mstari wa katikati, zenye vigozi vilivyokauka, watoto wa vunjajungu wametoka salama. Huning'inia kwa nyuzi hizo dakika zao za kwanza wakivua ngozi. Ukiona vitundu vya mviringo ubavuni, nyigu wametoka. Ukiona vyote viwili, waligawana. Na ukikuta kifuko kimechimbwa ovyo, povu limemegwameguka na kuwa ungaunga, huyo si nyigu bali yaelekea ni mabuu ya mende wadogo ambao nao hula mayai haya, au ndege amekidonoa.

Mwalimu wa shule ya msingi anayetafuta somo lisilogharimu kitu angejaribu hili. Achukue kifuko kisicho na tundu pamoja na kijiti chake, akiweke ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, na mdomoni afunge kipande cha leso kuukuu. Asitumie chandarua, maana matundu ya chandarua ni ya kuzuia mbu na nyigu hawa wengine hupenya. Chupa ikae kivulini, isipigwe na jua, na mara mojamoja kitambaa kinyunyiziwe maji kidogo. Baada ya majuma kadhaa watoto wataona wenyewe nani aliyetoka. Vunjajungu wakitoka waachiwe siku hiyohiyo kwenye majani mbalimbali, la sivyo wataanza kulana.

Sasa mkulima wa Kaloleni au Msambweni ana haki ya kuuliza: mimi na mayai ya vunjajungu tuna nini? Mahindi yangu yanaliwa, mihogo inakauka ncha, na wewe unaniletea hadithi ya mdudu anayekula mdudu.

Kwanza tuseme kweli juu ya vunjajungu mwenyewe. Wengi wamefundishwa kwamba ni rafiki wa mkulima. Ni nusu ya kweli. Hachagui. Atakula kiwavi asubuhi, na adhuhuri atakaa juu ya ua la mtikiti akamkamate nyuki aliyekuja kuchavusha. Marekani wamelijua hilo kwa muda mrefu. Vunjajungu mkubwa wa kutoka China alionekana kwanza karibu na Philadelphia mwaka 1896, akaenea, na mpaka leo vifuko vyake huuzwa kwa wenye bustani kama dawa ya wadudu. Wataalamu wengi wa huko hawaisifu biashara hiyo, kwa sababu wadudu wale hula vipepeo na nyuki sawasawa na waharibifu. Kwa hiyo nyigu akipunguza mayai yake, hajamwibia mkulima. Amewapunguza wawindaji wasije wakajaa shamba zima. Sioni sababu ya mtu kumwokoa vunjajungu na nyigu, wala nyigu na vunjajungu. Wamejuana kabla yetu.

Jambo la pili ndilo lenye uzito. Ufundi huu wa kutia yai ndani ya yai la mwingine, au ndani ya mwili wa kiwavi, si wa nyigu wa vunjajungu peke yao. Una maelfu ya wenyewe, na wengi wao huwafuata wale wadudu wanaotutia njaa. Yule mdandiaji wa Ulaya, Mantibaria, ana jamaa wa ukoo uleule aitwaye Telenomus remus, asiyefika hata milimita moja. Huyu kazi yake ni mayai ya nondo, yakiwemo ya yule nondo anayezaa viwavijeshi vamizi. Kila mkulima wa mahindi wa Pwani anavikumbuka viwavi hivyo: vilionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 vikawa Kenya, vikikaa ndani ya moyo wa mhindi na kuacha kinyesi kama vumbi la mbao. Watafiti walipochunguza mayai ya nondo huyo mashambani, walimkuta Telenomus remus tayari yumo kazini katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Yai alilolitoboa halitoi kiwavi. Dawa ya dukani humngoja kiwavi atoke aanze kula. Nyigu humaliza jambo kabla halijaanza.

Na Pwani yetu ina historia yake katika mambo haya, ingawa haitajwi sana. Kuna kiwavi mwingine anayetoboa bua la mhindi na mtama, Chilo partellus, aliyeingia Afrika kutoka Asia katika karne iliyopita. Huku kwenye joto la ukanda wa chini amestawi vizuri mno. Huko kwao Asia alikuwa na adui, nyigu mdogo mweusi aitwaye Cotesia flavipes, lakini kiwavi alipovuka bahari adui alibaki nyuma. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, chenye makao yake Nairobi, kilimleta nyigu huyo kutoka Pakistan, na mwaka 1993 akaachiliwa hapa Pwani ya Kenya. Jike huingia ndani ya tundu la bua, mahali ambapo dawa ya kupuliza haifiki, akamdunga kiwavi na kumtia mayai kwa makumi. Watoto hulelewa ndani ya kiwavi, kisha hutoka kwa pamoja na kujifuma vifuko vyeupe vidogo kama punje za mchele ulioshikana. Nyigu alikubali nchi, akazaana, na miaka iliyofuata idadi ya viwavi katika mashamba ya Pwani ilishuka. Hakuna mkulima aliyelipia hata senti. Mkulima akipasua bua akakuta zile punje nyeupe karibu na kiwavi aliyenyauka, asizitupe motoni.

Cha mhogo ni kikubwa zaidi. Miaka ya 1970 kidungata kutoka Amerika Kusini, mdudu mwenye unga mweupe mwilini, alitokea Afrika ya Kati na kuenea kwenye mihogo kama moto wa makuti. Majani yalijikunja, ncha zikafa, na watu waliotegemea mhogo wakakosa mhogo na hata mbegu ya kupanda tena. Mwaka 1981 alipatikana Paraguay nyigu anayemwandama kidungata huyo, akapimwa kwanza asije akadhuru kitu kingine, kisha akaanza kuachiliwa Nigeria mwaka huohuo na baadaye katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren wa Uswisi, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995, wakati ambapo tayari alikuwa mkurugenzi wa icipe. Nyigu mwenyewe ana urefu usiozidi milimita mbili.

Kwa hiyo tukirudi kwenye lile tangi la mgongoni. Dawa nyingi zinazouzwa katika maduka ya pembejeo ni za kuua wadudu wa kila aina, hazibagui. Na hapa hesabu inamgeukia mkulima. Mharibifu mara nyingi amejificha: kiwavi yumo ndani ya bua, kidungata amejifunika unga wa nta, mayai ya nondo yako chini ya jani yamefunikwa magamba. Nyigu yeye anatembea juu ya majani mchana kutwa, jani hadi jani, akinusa na kugongagonga. Ndiye anayekanyaga dawa kwanza, na mwili wake ni mdogo kiasi kwamba tone lisilomtia kiwavi kizunguzungu humwua yeye. Baada ya siku chache waharibifu waliosalimika huanza kuzaana wakiwa hawana adui. Nyigu hawezi kurudi kabla yao, kwa sababu lazima kwanza pawe na mayai au viwavi vya kutosha vya kulelea watoto. Mkulima anaona wadudu wamezidi, anapuliza tena, na safari hii anapuliza zaidi. Duka linafurahi.

Simwambii mtu aache shamba liliwe. Wako wadudu wanaohitaji dawa na iko misimu ambayo bila dawa hakuna mavuno; hilo afisa wa kilimo wa wadi ndiye wa kulisemea, akiwa amesimama ndani ya shamba lenyewe. Ninachopinga ni ile tabia ya kupuliza kwa kalenda, kila juma la pili hata kama hakuna kitu, na ile ya kuona mdudu yeyote mwenye mbawa na kiuno chembamba ukadhani ni adui. Kabla ya kuchanganya dawa, pita shambani asubuhi, geuza majani kumi, ishirini, pasua bua moja au mawili yaliyonyauka. Ukikuta mayai ya nondo yamegeuka meusi, mara nyingi nyigu ameshayatoboa. Yape siku chache uone. Kidungata aliyevimba, akakauka na kuwa wa hudhurungi kama punje ya mtama, naye yumo nyigu tumboni mwake. Na ikibidi kupuliza, puliza jioni na palipo na mdudu, si shamba zima mpaka kwenye ua.

Ua lenyewe lina kazi yake. Nyigu mzima halishwi na viwavi bali hunywa asali ya maua na utomvu. Shamba lililopaliliwa mpaka likawa jekundu tupu, bila ua hata moja pembeni, halina cha kumnywesha, na nyigu aliyekosa kinywaji huishi siku chache sana. Mchicha mwitu uliochanua, mbaazi, mikunde, hata vile vimaua vya njano vya kando ya njia vinatosha.

Basi mwembe ukipunguzwa matawi baada ya mavuno, kabla ya kuwasha moto pitisha jicho kwenye vijiti. Vile vyenye sifongo kavu vivunje urefu wa shibiri, uvifunge kwenye ua upande wa kivuli, kitundu kikiwepo au kisiwepo. Atakayetoka humo ni juu yao wenyewe.